Fildi ni ya nani?

Julai ikifika, meza ya afisa utumishi wa halmashauri huota rundo ambalo Mei halikuwepo. Ni barua kutoka vyuoni, za kuwaombea wanafunzi fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Zote zimeandikwa "Yah: Maombi ya nafasi ya mafunzo kwa vitendo", zote zina muhuri, na zote zinaomba wiki zilezile. Vyuo hufunga karibu kwa pamoja, kwa hiyo wanafunzi wa utawala, uhasibu, ardhi, maendeleo ya jamii na kompyuta wanabisha hodi mlango mmoja ndani ya siku chache. Afisa hana bajeti yao wala viti vyao, na kuwafundisha hakumo katika majukumu atakayopimiwa mwisho wa mwaka. Anaandika pembeni ya barua "Apangiwe masjala", ama "Hatuna nafasi", kisha anaendelea na foleni ya watumishi wenye madai ya likizo.

Kila mara mjadala wa wahitimu kukosa ajira ukipamba moto, dawa inayotajwa ni moja: vijana hawana uzoefu, basi wapelekwe kazini zaidi. Miezi miwili iwe minne, minne iwe mwaka. Mimi sidhani kama ugonjwa uko kwenye idadi ya wiki. Uko kwenye swali ambalo barua ile hailijibu: kuanzia Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, huyu kijana ni wa nani?

Nilikuwa mmoja wa walioandikiwa "masjala". Mwaka wa pili, nasomea utawala wa umma, katika ofisi moja ambayo haina haja ya kutajwa. Wiki tatu za kwanza nilitoa fotokopi, nikapeleka majalada ghorofa ya pili, nikanunua vocha za simu za watu. Wiki ya nne mzee wa masjala, aliyebakiza miezi michache kustaafu, aliniita akafungua jalada mbele yangu. Akanionyesha kwamba barua upande wa kulia zina namba za folio na upande wa kushoto ni madokezo, na kwamba ukitaka kujua jambo limekwama wapi usisome barua hata moja, soma madokezo kuanzia la mwisho ukirudi nyuma. "Bosi akiandika 'Tuongee', mwanangu, ujue hataki jibu lake libaki kwenye karatasi." Siku ile nilielewa mhadhara mzima wa muhula uliopita kuhusu mgawanyo wa madaraka, mhadhara ambao nilikuwa nimeupasi kwa kukariri. Mzee hakulipwa kunifundisha. Alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia kazi yake.

Hilo ndilo ninalotaka kulifungua hapa, ila kwanza tutenganishe majina, maana yamechanganywa mno.

Fildi, ambayo wahandisi huiita PT na Wakenya huiita atachimenti, iko ndani ya shahada. Mara nyingi ni wiki nane, ina alama, na bila hiyo humalizi. Mafunzo ya uzoefu kazini ni kitu kingine: yanamhusu mtu aliyekwisha kuhitimu. Serikali ya Tanzania iliyatolea mwongozo mwaka 2017, na wahitimu hupangiwa kwa waajiri kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, kwa miezi sita hadi kumi na miwili. Uanagenzi ni cha tatu. Hapo kujifunza na kufanya kazi vimesukwa pamoja tangu siku ya kwanza kwa mkataba, na kwetu umezoeleka zaidi kwenye ufundi kuliko chuo kikuu. Halafu kuna kujitolea: mhitimu anafundisha shule ya kata au anakaa zahanati mwaka mzima bila mkataba, akisubiri nafasi itangazwe. Hilo silihesabu kama mafunzo. Ni ajira isiyolipwa iliyopewa jina la heshima.

Zipo taaluma zilizokwisha kulijibu swali langu, na ni vizuri kuziangalia kabla hatujavuka mipaka. Daktari akimaliza miaka mitano ya chuo hasajiliwi kikamilifu mpaka afanye kazi hospitalini mwaka mmoja akisimamiwa. Intern huyo jina lake limo kwenye rosta. Asipotokea usiku, wodi nzima inajua, na daktari aliye juu yake ataulizwa. Anafundishwa kwa sababu asipofundishwa mgonjwa ataumia na kuna mtu atajieleza. Mwanafunzi wa fildi asipotokea Jumatano, uwezekano mkubwa ni kwamba watu watafurahi kiti kimepatikana.

Wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana utaratibu wenye akili. Tangu Kitivo cha Uhandisi kianze mwaka 1973, mafunzo kwa vitendo yamekuwa sehemu ya shahada: wiki nane kila mwisho wa mwaka wa masomo kabla ya mwaka wa mwisho. Na awamu hizo hazirudii jambo lilelile. Mwanafunzi huanza akishika spana kama fundi, mwaka unaofuata anapanda kwenye kazi za fundi sanifu, na mwisho anakaa karibu na mhandisi mwenyewe. Kijana anayejua kwamba Julai ijayo atarudi kazini, tena ngazi moja juu, hukaa darasani kwa namna nyingine.

Wanasheria walitupa somo la upande mwingine. Mwaka 2022 matokeo ya Shule ya Sheria, wanakopita wenye shahada ya sheria kabla ya kuwa mawakili, yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakafeli. Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Mabishano ya mtaani yalikuwa makali, wengine wakilaumu shule, wengine wakilaumu vyuo vilivyowapeleka. Mimi nilichokiona ni gharama ya kupanga mambo kwa mafungu: miaka ya nadharia kwanza, vitendo baadaye, mahali pengine, kwa walimu wengine. Ufa unaoonekana mwishoni ulianza kupasuka mwaka wa kwanza.

Kuna watakaosema mpango wa kuchanganya kazi na chuo ni mambo ya wazungu. Hapana. Tuliujaribu sisi wenyewe, kwa ukali kuliko wengi. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma na kutoa azimio linalokumbukwa zaidi kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini azimio hilo lilikuwa na sehemu ya pili: mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka isiyopungua miwili, kisha aombe akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake na ya chama. Nyuma yake kulikuwa na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na kumbukumbu ya Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kuupinga utumishi wa lazima na Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia yao.

Madarasa yakajaa watu wazima waliokwisha kuona karani, mfanyakazi wa kiwanda na mkulima. Walichokipoteza nacho kilionekana mapema. Idadi ya wanawake ilishuka, kwa kuwa miaka ile ya jeshi na kazi ndiyo ya ndoa na uzazi, ikabidi wasamehewe sharti hilo. Hisabati ya kidato cha sita nayo haikai kichwani miaka mitatu bila kuguswa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mpango ulikuwa umekwisha. Kasoro yake naiona kwenye mpangilio: kazi ilitangulia, masomo yakafuata, na vitu hivyo viwili havikukutana tena. Uliyoyaona kiwandani mwaka 1976 hukuweza kurudi kuyajaribu baada ya kufundishwa mwaka 1979.

Aliyelifungua fundo la kukutana alikuwa mhandisi Mmarekani, Herman Schneider. Akifundisha Chuo Kikuu cha Lehigh, Pennsylvania, aligundua kwamba wahitimu waliofanya vizuri wengi walikuwa wamewahi kufanya kazi kabla au katikati ya masomo. Aliona pia kwamba chuo hakitaweza kamwe kununua mitambo inayofanana na ya kiwandani, wakati viwanda vyenyewe vipo ng'ambo ya barabara. Mwaka 1906, akiwa Chuo Kikuu cha Cincinnati, aliruhusiwa kwa shingo upande kujaribu na wanafunzi 27. Aliwagawa wawiliwawili. Wiki hii mmoja yuko darasani, mwenzake yuko karakana ya kampuni; wiki ijayo wanabadilishana.

Mpango huo unastahili kuangaliwa kwa ukaribu. Mwajiri hakupewa mgeni wa miezi miwili. Alipewa nafasi moja iliyojazwa mwaka mzima na watu wawili, kwa hiyo ilimfaa kuwafundisha na aliwalipa. Mwanafunzi aliondoka kiwandani Jumamosi na swali, na Jumatatu alikuwa nalo mbele ya mwalimu. Mwalimu naye hakuweza kufundisha kitu kilichopitwa na wakati bila kuumbuliwa na kijana aliyeona mtambo mpya wiki iliyopita. Na chuo kilikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuzunguka kati ya karakana na darasa kuhakikisha viwili hivyo vinazungumza.

Wajerumani walilipeleka mbali zaidi. Mwaka 1974, Stuttgart na Mannheim, vilianzishwa vyuo kwa msukumo wa kampuni kama Daimler-Benz na Bosch, ambavyo tangu 2009 vimeunganika kuwa chuo kikuu kimoja, Duale Hochschule Baden-Württemberg. Pale huanzi kwa kuomba chuo. Unaanza kwa kutafuta kampuni mshirika ikupe mkataba wa miaka mitatu, na mkataba huo ndio unaokufungulia mlango wa darasa. Kisha ni takriban miezi mitatu darasani, miezi mitatu kazini, hadi mwisho, na mshahara unaingia hata miezi ya darasani. Kampuni washirika ni maelfu, na zina viti katika vikao vinavyoamua nini kifundishwe. Swali la "huyu ni wa nani" halipo: ni mfanyakazi wao anayesoma.

Tukishaona hivyo tunatamani kuuchukua mpango mzima tuulete Morogoro. Hapo ndipo penye mwiba. Mpango wa Ujerumani umesimama juu ya maelfu ya kampuni rasmi zenye idara za mafunzo. Sisi wengi wetu tunafanya kazi shambani, dukani, gereji, kwenye biashara ya watu watatu. Ukisema kila mwanafunzi apate kampuni kwanza, umefunga vyuo.

Ila waajiri tunao zaidi ya tunavyowahesabu. Mwanafunzi wa uhasibu akikaa wiki nane kwa mfanyabiashara wa jumla Kariakoo ataona mali ikiingia kwa kontena, mkopo wa mdomo, mashine ya risiti ya EFD ikigoma saa sita mchana wateja wakiwa wamejaa, na hesabu za jioni zinazotakiwa kulingana na droo. Mwenzake aliyepata wizara atarudi na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Lakini chuo mara nyingi kinataka barua yenye nembo na msimamizi mwenye shahada ya fani hiyo, kwa hiyo wa Kariakoo hahesabiki. Ushirika wa wakulima, gereji, kliniki binafsi, wakandarasi wadogo, wote wana kazi za kweli zilizolala kwa kukosa mtu. Kuwatambua hao kunahitaji mwalimu atakayekwenda kuwaona, kukaa nao, na kuandika nao ukurasa mmoja wa kazi ambayo mwanafunzi ataifanya. Kwa sasa supavaiza wa chuo huja mara moja, anasaini logibuku, daftari la kazi za kila siku, anauliza "Mnaendeleaje?", anapanda gari.

Logibuku yenyewe ni kichekesho kinachojulikana na kila aliyesoma. Kuna usiku mmoja, kabla ya supavaiza kufika, ambapo wiki nne zinajazwa kwa pamoja. Wajanja hubadilisha kalamu ili wino usifanane. Nigeria ilianzisha mpango wake wa taifa wa kuwapeleka wanafunzi viwandani, SIWES, tangu 1973, na huko nako daftari hilo ndilo ushahidi mkuu. Kitabu kinarekodi kwamba ulikuwepo. Hakirekodi kama kuna jambo uliloweza mwishoni ambalo mwanzoni hukuliweza.

Kisha kuna fedha, na hapa takwimu za fildi zinaweza kutudanganya. Bodi ya Mikopo hugharimia mafunzo kwa vitendo kwa siku zisizozidi 56, ndizo zile wiki nane. Asiye na mkopo hasubiri bumu. Anachagua fildi kwa kuangalia shangazi yake anakaa wapi. Mwenye mjomba benki anafanyia benki. Miaka mitatu baadaye tunasikia kwamba waliofanya fildi kwenye taasisi nzuri ndio walioajiriwa upesi, tunasema fildi inafanya kazi. Huenda ni fildi. Huenda ni mjomba. Ukitaka kujua ni kipi, angalia vyuo vinavyopanga wanafunzi vyenyewe badala ya kuwaachia watafute, maana pale konekisheni hupungua nguvu. Mpaka hapo, anayekuambia fildi pekee yake inaleta ajira anahesabu na wajomba humohumo.

Kwa upande wa mwajiri, hesabu inauma zaidi. Tanzania Bara mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Sehemu yake imekuwa ikienda VETA na sehemu ikisaidia mikopo ya elimu ya juu. Kenya mwajiri hulipa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Uingereza tangu Aprili 2017 kampuni kubwa hulipa asilimia 0.5 ya mishahara, lakini zinaweza kuichota fedha hiyo kulipia masomo ya wanagenzi wao, pamoja na wanaosomea shahada. Sisi anayepokea vijana ishirini na asiyepokea hata mmoja wanalipa sawasawa. Sisemi tozo ifutwe. Nasema mwajiri anapoambiwa "tusaidie kufundisha", moyoni anajibu kwamba ameshalipia.

Jambo ambalo lingebadilisha mengi kwa gharama ndogo ni kalenda. Waterloo, Canada, chuo kilichoanza mwaka 1957 na mfumo wa kupokezana darasa na kazi tangu siku ya kwanza, hupishanisha wanafunzi kwa vipindi vya miezi minne, wakati kundi moja liko darasani lingine liko kazini. Mwajiri haoni rundo la Julai. Anaona mtu mmoja anaondoka Aprili na mwingine anaingia Mei, na anayeondoka anamkabidhi anayeingia. Hata bila kugusa urefu wa fildi, vyuo vya mkoa mmoja vikikubaliana kupokezana, yule afisa utumishi angekuwa na wanafunzi wawili mwaka mzima badala ya kumi na watano kwa wiki nane. Wawili wana viti. Wawili wanaweza kupewa jalada lao.

Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021 kwa ajili ya elimu ya juu Tanzania, umevisukuma vyuo kupitia upya mitaala na kuunda kamati za ushauri zenye watu wa viwanda. Ni hatua. Ila kamati hukutana mara chache kwa mwaka na kuzungumza juu ya mtaala. Anayejua mwanafunzi wa wiki ya tatu kakwama wapi ni yule mzee wa masjala, na sijawahi kusikia ameitwa kwenye kamati.

Kwa mwanafunzi atakayekwenda mwaka huu, maana mageuzi hayatamsubiri: siku ya kwanza usiulize "nifanye nini?". Watakutuma fotokopi. Chungulia, sikiliza, halafu wiki ya kwanza ikiisha muulize msimamizi ni kazi gani pale ofisini imelala kwa kukosa mtu. Kila ofisi inayo. Orodha ya mali isiyohuishwa, madeni yasiyofuatiliwa, majalada yasiyopangwa, jedwali la Excel ambalo mtu mmoja tu ndiye analijua. Ukiiomba hiyo umejitengenezea rosta yako, na kwenye usaili utakuwa na jambo la kusimulia lenye mwanzo, katikati na mwisho.

Ripoti yangu ya fildi ilipata B. Niliandika kurasa ishirini na nane, na jalada la mzee halikuingia hata kwa mstari, kwa sababu mwongozo wa chuo ulitaka historia ya taasisi, muundo wa taasisi, changamoto na mapendekezo. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa bweni letu aliiomba. Akabadilisha jina la ofisi, akabadilisha muundo, mapendekezo akayaacha kama yalivyokuwa: ofisi inunuliwe mashine mpya ya fotokopi. Yeye alipata B+.